Mapitio: Wanasesere wa Kauri katika Duka la Vitu vya Kale, Mikindani

Duka hili dogo la Mikindani linajulikana zaidi kwa masanduku ya njumu na taa za kale, lakini nyuma ya kaunta lipo kabati la vioo lenye wanasesere wa kauri ambao muuzaji huwatangaza wote kuwa wa Ufaransa. Si wote.

Anayevutia zaidi ana kichwa cha biski, yaani kauri iliyochomwa tanurini bila kupakwa dawa ya kung'arisha, na ndiyo sababu mashavu yake hayameti kama sahani. Kibandiko chake kinasema Jumeau, yaani kampuni ya Kifaransa ya wanasesere, shilingi 800,000. Nilipoomba nywele za kisogoni ziinuliwe, tulisoma maandishi yaliyogandamizwa kwenye kauri: Armand Marseille, 390, pamoja na jina la Ujerumani. Jina la Armand Marseille huwapoteza wengi kwa kuwa linasikika Kifaransa, ilhali kiwanda chake kilikuwa Köppelsdorf, Thuringia, huko Ujerumani, nacho kilitoa vichwa vya namba hiyo kwa wingi mno kiasi kwamba hata wakusanyaji wa Ulaya hawaviiti adimu. Jumeau wengi waliotoka kiwanda cha Montreuil, jirani na Paris, wana mhuri mwilini unaotaja nishani ya dhahabu, ambayo kampuni hiyo ilishinda katika maonyesho ya Paris ya 1878. Huyu hana mhuri wowote. Muuzaji, ambaye kwa kweli ni mwungwana, alikibandua kibandiko mbele yangu. Bei hakuigusa.

Mfaransa halali ni yule wa rafu ya chini, mwenye alama ya S.F.B.J. 60 Paris, herufi za kifupi cha jina la shirika la watengenezaji wanasesere wa Ufaransa. Nilielezwa kuwa ni wa miaka ya 1880, jambo lisilowezekana, kwa sababu shirika hilo liliundwa 1899, pale Jumeau, Bru na watengenezaji wengine walipoungana ili kukabiliana na Wajerumani waliokuwa wakiuza kwa bei nafuu. Nyusi zake zimechorwa kwa haraka, lakini nilipotoa wigi na kumulika ndani ya kichwa kwa tochi ya simu sikuona ufa hata mmoja. Mwili, uliotengenezwa kwa rojo la karatasi na gundi, umeathiriwa na unyevu wa pwani: rangi inabanduka viwikoni, na mpira unaoshikilia viungo umelegea hata mkono wa kushoto unaning'inia. Kwa shilingi 350,000, baada ya kupatana, nilimchukua.

Risiti hutolewa ukiiomba, na ufungaji wa mzigo ni wa gazeti tu, hivyo mnunuzi aje na kitambaa chake.