TAHADHARI: Mtu wa "ukungu mweusi" anayezunguka Umoja na Donholm, msimfungulie mlango

Majirani wa Umoja, Donholm, Tena na Komarock hapa Nairobi, kuna mwizi anaingia majumbani mwetu akiwa amevaa ovaroli nyeupe na barakoa, anajiita mtaalamu wa hewa ya nyumbani. Kazi yake ni kukwambia ule weusi ulio ukutani kwako ni ukungu wa sumu, kisha anakuuzia dawa. Mimi ameniuzia ya shilingi 14,500. Naona haya hata kuiandika hiyo hesabu, lakini nikinyamaza kesho atakuwa kwako.

Weusi wa kwangu wengi wenu mmeuona, nimewalilia humu tangu baridi ianze. Juu ya friji, kwenye kioo cha televisheni, kwenye mfuniko wa ndoo ya maji, kwenye lile pazia jeupe nililonunua soko la Mutindwa. Unga mweusi wenye mafuta, ukipitisha kidole unaacha mchirizi. Pembeni mwa dari zinaning'inia nyuzi nyeusi kama utando wa buibui na buibui mwenyewe hayupo. Unapangusa leo, keshokutwa umerudi. Na mtoto wangu anasumbuliwa na kifua. Kwa hiyo aliposema mwenye duka la chini kwamba kuna kijana anayetibu nyumba, nilimpigia simu hapo hapo. Mama gani angekaa kimya?

Alikuja Jumamosi asubuhi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akamwamkia mama mkwe shikamoo akiwa ameinamisha kichwa, akakataa chai, akasema akiwa kazini haweki kitu mdomoni kwa sababu ya sumu iliyo hewani. Alizungumza taratibu, Kiswahili chake kimenyooka, akaniita mama kila baada ya maneno mawili. Akafunga mapazia, akazima taa, akatoa tochi ya mwanga wa zambarau na kumulika ukuta ulio nyuma ya kochi. Madoa yakang'aa! Ukuta wangu mwenyewe, ninaouosha kwa mikono yangu, ulikuwa na mabaka yanayowaka gizani. Mama mkwe akasema "Yesu wangu" na kumvuta mtoto mapajani.

Halafu akatoa kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, akakisugua ukutani, akanipa nikishike mimi. Akasema nikitumbukize kwenye kichupa cha maji yasiyo na rangi. Nikatumbukiza. Yale maji yakageuka waridi mbele ya macho yangu, waridi iliyokolea, mkononi mwangu mimi, si mwake. Akasubiri kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, watoto wanaumwa kichwa jioni?"

Hapo ndipo aliponimaliza. Kwa sababu kweli tulikuwa tunaumwa vichwa. Mimi nikipika, mtoto mkubwa akifanya homuwaki pale mezani karibu na jikoni, mama mkwe akilalamika kizunguzungu. Hakuna mtu wa nje aliyejua hilo. Sasa asinitokee mtu humu kuniambia eti mbona sikushtuka. Umeshika ushahidi mkononi, mtu amekutajia ugonjwa wa nyumba yako bila wewe kumwambia, na mwanao anakohoa chumba cha pili. Ungetoa pesa. Ungekopa utoe.

Alipuliza kitu chenye harufu ya dawa ya choo sebuleni na vyumbani, dakika chache tu. Pesa akataka nitume kwa namba ya simu, na jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. Akasema ni mke wake, ndiye mhasibu. Kabla ya kutoka akatoa amri moja: madirisha yote yafungwe wiki nzima, tena tuzibe na lile tundu la hewa la jikoni kwa gazeti, eti hewa ya nje inaua nguvu ya dawa. Nikaziba. Na kwa baridi ile ya Julai, hakuna aliyelalamika.

Weusi ulirudi, tena mwingi kuliko mwanzo. Vichwa vikazidi. Usiku mmoja mama mkwe alitapika. Nikampigia yule mtu, simu ikaita, halafu ikawa haipatikani kabisa mpaka leo. Ile meseji ya malipo nikaituma 456, namba ya M-Pesa ya kuomba kurudishiwa pesa, lakini pesa zilikuwa zimeshatolewa.

Aliyetuokoa ni fundi wa gesi, ambaye nilimwita kwa jambo lingine kabisa: maharagwe yalikuwa hayaivi, moto umekosa nguvu. Aliingia, akatazama jiko likiwaka, na kabla hajaweka begi chini akalizima na kufungua dirisha. Akaniuliza nimefunga nyumba tangu lini. Kisha akaliwasha tena nione: moto ulikuwa wa njano, mrefu, unalamba sufuria mpaka ubavuni. Gesi ya kupikia ikipata hewa ya kutosha huwaka buluu. Ikikosa hewa haiungui yote, na sehemu isiyoungua ndiyo masizi yenyewe. Yanapaa na joto, yanasambaa nyumba nzima, yanatua kwenye plastiki, kwenye vioo, kwenye kuta za baridi. Zile nyuzi za darini ni masizi yaliyoshikana. Na mimi miezi yote hiyo nasugua matako ya sufuria kwa waya nikidhani ni kawaida ya sufuria kuukuu.

Alifungua kichwa cha jiko, matundu yamezibwa na uji uliomwagika na kutu, na kwenye bomba la kuingizia hewa kulikuwa na kiota cha mdudu. Brashi, sindano, maji ya sabuni, akakausha, akawasha. Buluu. Akachukua mia tano. Mia tano!

Lakini pesa siyo inayoninyima usingizi. Moto ule wa njano hautoi masizi peke yake. Unatoa na kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ile ile inayoua watu na jiko la mkaa kila msimu wa baridi wakilala wamefunga mlango. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, na ukitoka nje unapata nafuu. Ndiyo hali yetu neno kwa neno! Na huyu mtu aliingia nyumba yenye dalili hizo, akazitaja kwa mdomo wake, halafu akatuamuru tuzibe madirisha. Alichukua pesa yangu akaniachia wanangu kwenye chumba kisicho na hewa. Huyo si tapeli wa kawaida, huyo nusura atuue.

Mpwa wangu anayefundisha kemia amenieleza ile rangi. Anasema huenda ilikuwa fenolfthaleini, dawa ya maabara ambayo haina rangi mpaka ikutane na alkali, ndipo inakuwa waridi. Plasta ya saruji ina alkali. Sabuni ya kipande ina alkali. Yaani kadiri unavyosugua ukuta wako ndivyo unavyompa ushahidi. Na ile tochi, sabuni nyingi za unga zina kemikali ya kung'arisha nguo, na hiyo hung'aa chini ya mwanga wa zambarau. Alikuwa anamulika usafi wangu!

Akija kwako: hatakuuliza unapikia nini, wala kama unawasha mishumaa, ubani au taa ya mafuta. Hana risiti. Chupa haina jina la mtengenezaji wala alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Na ukitaka kujua mwenyewe, tone la jiki kwenye doa: ukungu hupauka baada ya dakika moja au mbili, masizi hayabadiliki. Ukungu hupenda penye unyevu, haumei juu ya rimoti ya televisheni. Na akisema fungeni madirisha, piga kelele majirani waje.

Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinampa anayejipatia mali kwa udanganyifu kifungo cha hadi miaka 3. Mitatu! Kwa mtu aliyefungia watoto ndani na sumu! Nataka ashtakiwe kwa kuhatarisha maisha pia, nataka asimame kizimbani na ile ovaroli yake nyeupe, kina mama aliowaibia wote wamtazame. Na huyo "mhasibu" asimame pembeni yake.

Najua siko peke yangu, kuna dada wa Donholm ameniandikia faraghani naye anaona haya kusema. Dada zangu, njooni. Anaendesha Probox nyeupe, mrefu, mweusi, ana pengo la jino la juu. Aliye na picha ya gari au meseji za malipo anitumie leo. Jumatatu saa tatu asubuhi naenda kituoni kuandikisha taarifa, na wakituona wengi hawatatuambia turudi kesho.