Shure SM58: maiki ya kwanza kwa mwimbaji aliyetoka chuoni

Ukiwa chuoni, iwe TaSUBa Bagamoyo au Dhow Countries Music Academy pale Unguja, maiki ni ya chuo. Ukishahitimu na kuanza kuitwa hotelini, harusini au kwenye bendi inayotafuta mwimbaji wa usiku mmoja, unapewa iliyopo: wavu umebonyea, sponji inanuka mate, na sauti yako inatoka kama imefunikwa blanketi. Kwa hiyo pesa za shoo za mwanzo, kabla ya kufikiria spika au vifaa vya kurekodia, zinunue maiki yako mwenyewe. Kwa mwimbaji wa jukwaani, tunapendekeza SM58.

Maiki hii ilitoka mwaka 1966, na hadi leo fundi mitambo yeyote anaijua. Hilo lina faida kubwa pale unapopewa dakika tano tu za kujaribu sauti, maana fundi hahangaiki kuitafutia mipangilio. Ni maiki ya dainamiki, haihitaji umeme wa phantom (unaotumwa na mikser kupitia waya wa maiki), na hata ukiwashwa kwenye mikser hauidhuru mradi waya wa XLR ni mzima. Inapokea sauti ya Hz 50 hadi 15,000 (Hz ndogo ni sauti nzito, kubwa ni nyembamba). Kuanzia Hz 4,000 hivi inainua sauti kidogo, ndiyo maana maneno yanasikika hata gitaa na kinanda vikipiga kwa nguvu. Ukiisogeza mdomoni besi inaongezeka. Kwa sauti nzito, mwombe fundi akate chini ya Hz 100, kisha apunguze kidogo kati ya 200 na 400 ikiwa bado kuna mvumo.

Malalamiko mengi kwamba "inapiga mluzi" hutokana na mkono. SM58 husikiliza mbele na kuziba nyuma, na kinachoiwezesha kuziba ni matundu yaliyo chini ya wavu. Ukiukumbatia wavu kwa kiganja, kama wafanyavyo marapa wengi, umeyaziba. Maiki inaanza kusikiliza pande zote, sauti ya monita (spika inayokuelekea ili ujisikie) inaingia, mluzi unaanza. Shika mpini. Monita ikae mbele yako, ikitazama mkia wa maiki moja kwa moja. Kwenye migahawa ya hoteli, ambako spika huwekwa popote palipo na soketi, hakikisha zimekaa mbele yako, zisiwe mgongoni.

Tatizo kubwa la bidhaa hii ni feki, nazo zimejaa. Nchini Marekani, maiki halisi inauzwa takriban dola 100, hivyo ukiambiwa shilingi 40,000 kwa mpya, ondoka. Nenda dukani na mizani ndogo: bila waya, halisi ina gramu 298. Fungua wavu, unazunguka kwa mkono. Bonyeza kichwa cha ndani, kile kinachopokea sauti, taratibu. Kinatakiwa kucheza kidogo juu ya mpira wake. Mpira huo ndio unaozuia kelele za vidole. Fungua mpini utazame nyaya mbili nyembamba, ambazo kwenye halisi ni ya njano na ya kijani. Waigaji wanaiga hadi rangi, kwa hiyo usiishie hapo: ichomeke, uipapase mpini huku sauti imepandishwa, kisha uimbe sentimita 5 kutoka mdomoni na baadaye 20. Feki nyingi hukwaruza masikio kwenye "s" na kunguruma ukizishika.

Angalia pia herufi za mwisho kwenye boksi. LC inauzwa bila waya, na SM58S ina swichi. Chukua isiyo na swichi, kwani kidole hugusa swichi katikati ya beti na ukumbi mzima unabaki kimya. Ndani utakuta pochi ya zipu na kishikio cha stendi.

Pwani, chumvi ya bahari hula wavu. Baada ya shoo futa kwa kitambaa kikavu. Mara kwa mara fungua wavu, osha pamoja na sponji kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, na usirudishe hadi ikauke kabisa, kwa sababu unyevu ukibaki unashuka kwenye kichwa. Ukiiangusha na wavu ukabonyea, tafuta wavu mpya, RK143G. Kichwa kikifa, ni R59. Hakuna haja ya kununua maiki nzima.

Kwa kurekodi chumbani inafaa, ila sauti inayotoa ni ndogo. Utahitaji geni (kitufe cha kuikuza sauti inayoingia) karibu yote ya kifaa cha kurekodia cha bei nafuu, na ukiimba mbali utasikia mvumo wa "shhh" nyuma. Imba karibu.

Wapigaji wa kanuni na udi, ala za nyuzi za taarabu, tunawashauri wasianze na hii. Mng'ao wa nyuzi unabaki nje, na ukiisogeza ili uupate, unaokota zaidi besi ya mwili wa chombo. Kwao maiki ndogo ya kondensa (aina inayohitaji umeme wa phantom), ikiwekwa sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye nyuzi, ni pesa iliyotumika vizuri zaidi, ila waulize wenye ukumbi kwanza kama mikser yao ina phantom.