Pasi ya treni ya Eurail: uzoefu wangu siku mgomo wa Milan ulipotupeleka Uswisi

Tangu nirudi, ndugu na marafiki wananiuliza swali lilelile: pasi ya Eurail ina faida, au bora kukata tiketi moja moja? Jibu langu nalitoa kwa siku moja tu ya safari yetu. Asubuhi ya siku hiyo tulikuwa tuwe njiani kwenda Venice, na usiku wake tukalala Chur, Uswisi.

Kwanza bidhaa yenyewe. Eurail ni pasi ya sisi tusioishi Ulaya. Wakazi wa Ulaya wananunua Interrail, ambayo inafanya kazi ileile, isipokuwa kwamba ndani ya nchi anayoishi mtu inampa safari mbili tu, ya kutokea na ya kurudia. Mimi nilitoka Tanga na Eurail yangu. Shoga yangu anaishi Leipzig, kwa hiyo yake ilikuwa Interrail, na njia nzima hatukuona tofauti. Zote zinakubalika katika nchi 33. Niliyochukua mimi ni ya siku 7 za kusafiri ndani ya mwezi 1, daraja la pili, bei ya mtu mzima kama euro 380. Vijana wa hadi miaka 27 wanalipa pungufu. Ukiamua leo ni siku ya kusafiri, unaiwasha kwenye simu, na kuanzia saa 6 usiku hadi saa 6 usiku inayofuata unapanda treni nyingi utakavyo. Kwa sisi tuliozoea SGR, tiketi ni ya treni fulani, saa fulani, kiti namba fulani, kwa hiyo jambo hili linachukua muda kuingia akilini.

Treni za kasi za Italia, hata hivyo, haziingiliki kwa pasi peke yake. Lazima uweke nafasi ya kiti na kuilipia, euro kumi na kitu kwa kila mtu. Za kwenda Venice tulishazilipia.

Jioni tumekaa jikoni hosteli, karibu na kituo cha Milano Centrale, tunakula tambi, ujumbe ukaingia kwenye simu ya mwenzangu: treni yenu ya kesho imefutwa. Dada wa mapokezi akatuambia ni mgomo wa reli wa saa 24, unaanza usiku huohuo saa 3.

Migomo ya Italia ina utaratibu wake, na ukiujua unakuokoa. Sheria ya mwaka 1990 inataka taarifa itolewe angalau siku 10 kabla, na wizara ya uchukuzi inaweka kalenda ya migomo mtandaoni, kila mtu aione. Sheria hiyohiyo inawalinda wanaokwenda kazini. Siku za kazi, treni za mkoa zinatakiwa ziendelee kutembea kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, na tena kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku. Nje ya hapo ni bahati yako.

Shoga yangu akafungua Rail Planner, programu ya simu ya hizi pasi, akanyamaza kwa muda, halafu akauliza:

"Wewe si ulisema unataka kuona theluji?"

"Nilisema, lakini kesho?"

"Kuna treni ya mkoa ya saa 12 na dakika 20 kwenda Tirano, mpakani. Inafika kabla ya saa 3. Kutoka hapo mbele reli ni ya Waswisi, mgomo hauwahusu."

"Na Venice?"

"Venice haihami, shoga."

Tukafuta safari ya Venice kwenye pasi. Tukatafuta Milan hadi Tirano, tukaiongeza. Tirano hadi St. Moritz, tukaiongeza. St. Moritz hadi Chur, hiyo pia. Tukawasha, ikatokea ile alama ya mraba ya kuskani. Ilichukua dakika chache, tambi hata hazijapoa. Hatukupanga foleni dirishani wala kulipa faini ya kubadili, na nyongeza haikuwepo hata senti, kwa sababu treni zote tatu hazidai nafasi ya kiti. Mwenye chumba cha Venice tulimwandikia, akakubali kusogeza tarehe. Fedha ya viti tuliidai, ikarudi baada ya wiki kadhaa.

Suala la viza lilinitia wasiwasi kidogo, maana Uswisi haimo kwenye Umoja wa Ulaya na viza yangu niliipata ubalozi wa Italia. Lakini Uswisi imo kwenye Schengen tangu 2008, kwa hiyo viza ni ileile na mpaka unauvuka bila muhuri mpya. Pasipoti uwe nayo mkononi, si ndani kabisa ya begi. Msije mkadhani ni hivyo kila mahali pasi inapokubalika. Uingereza imo kwenye zile nchi 33, lakini kwa Mtanzania viza yake ni nyingine kabisa.

Saa 12 kasoro asubuhi Milano Centrale watu walikuwa wamesimama wameinua shingo, wote macho ubaoni. Mstari baada ya mstari umeandikwa "cancellato", yaani imefutwa. Wa Tirano ulikuwa na namba ya jukwaa. Tukaenda karibu tukikimbia, mabegi yanatupiga mgongoni, tukapata viti. Baada ya Lecco akapita mkaguzi, akaskani simu zetu, akalinganisha jina na pasipoti, akasema asante, akaenda. Kutoka Lecco hadi Colico Ziwa Como linakaa upande wa kushoto, na nyumba zimejipanga ukingoni kabisa. Halafu reli inaingia bonde la Valtellina, milima pande mbili, mizabibu imepandwa kwenye matuta ya mawe hadi juu. Mtu wa Tanga hapo unaikumbuka Lushoto.

Tirano ina vituo viwili jirani, cha Italia na cha Uswisi. Kabla ya kuvuka, nunua chakula upande wa Italia. Sisi tulibeba mkate, jibini na matufaha, na tulipoona bei za upande wa pili tukashukuru. Jambo la pili ni bando. Laini nyingi za Ulaya haziihesabu Uswisi, na yangu ilizima intaneti mara tu tulipoingia Campocologno. Tiketi ulizokwisha kuziwasha zinafunguka bila intaneti, kwa hiyo washa zote kabla ya mpaka.

Sasa treni. Kuna Bernina Express, yenye madirisha makubwa hadi darini. Hiyo hata wenye pasi wanalipia kiti. Na kuna treni ya mkoa, nyekundu vilevile, reli ileile, milima ileile, inayotoka karibu kila saa na haina nafasi ya kuweka. Chukueni ya mkoa. Behewa letu lilikuwa na dirisha linalofunguka, na picha zangu zote nzuri zimepigwa hapo bila kiwi cha kioo. Kaeni upande wa kushoto mkitokea Tirano.

Inaanza kwa kupita barabarani, kweli barabarani, magari yamesimama kuipisha mbele ya kanisa la Madonna di Tirano. Baada ya muda unafika Brusio, na hapo abiria wa behewa zima walisimama. Bonde ni jembamba na treni inahitaji kupanda, kwa hiyo inapita chini ya tao moja la daraja la mawe, inazunguka duara zima kwenye majani, halafu inatokea juu ya daraja lilelile. Daraja lina matao 9. Ukikaa behewa la nyuma unaliona la mbele likipinda ng'ambo ya duara. Mzee mmoja aliyekuwa na mjukuu wake alimwinua mtoto dirishani akimhesabia matao, nasi tukahesabu naye.

Reli hii ilifunguliwa kwa vipande kati ya 1908 na 1910. Ina urefu wa kilomita 61 hivi, inatoka mita 429 juu ya usawa wa bahari pale Tirano hadi mita 2,253 pale Ospizio Bernina, na mwinuko wake unafika asilimia 7. Reli nyingi za mlima mkali namna hiyo huwekewa meno katikati ili treni ing'ang'anie. Hii haina, inapanda kwa magurudumu yake tu. Mwaka 2008 UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia pamoja na ile ya Albula inayofuata. Nayaeleza haya kwa sababu nilikuwa nimekaa humo ndani, miguu juu ya begi, kwa fedha niliyokuwa nimeshailipa kwa ajili ya kwenda Venice.

Ospizio Bernina tukashuka. Hatukupanga. Tuliona theluji kandokando ya Lago Bianco, shoga yangu akasema "tushuke," tukashuka, kwa sababu pasi haijali unapanda treni ipi. Baridi ilikuwa kali, nikajitanda kanga juu ya jaketi. Tulikula mkate wetu tumeegemea ukuta wa kituo, tukaigusa theluji iliyoganda kwa chini na kulainika juu. Maji ya Lago Bianco yanateremka upande wa Italia hadi bahari ya Adriatic. Ziwa dogo la jirani yake, Lej Nair, maji yake yanakwenda upande mwingine, hadi Danube na Bahari Nyeusi. Katikati yao unatembea kwa miguu. Treni iliyofuata ilipofika tukapanda tena, mkaguzi akaskani simu zilezile, hakuuliza kitu.

St. Moritz hatukukaa. Ni mji wa matajiri, kikombe cha chai tu kinakutoa jasho. Tukaunganisha kwenda Chur kwa njia ya Albula, ambako karibu na Filisur kuna daraja la Landwasser la mwaka 1902: mita 65 kwenda juu, limepinda, na mwisho wake unaingia moja kwa moja kwenye handaki ndani ya mwamba. Jioni tulikuwa Chur, hosteli ya kawaida, bei ya kuvumilika kwa Uswisi.

Sasa hesabu, maana ndiyo mnayoitaka. Euro 380 kwa siku 7 ni kama euro 54 kwa siku. Milan hadi Venice, ukikata mapema, unaweza kupata tiketi chini ya euro 30. Kwa mpango wetu wa mwanzo, basi, pasi ingetula: euro 54 za siku, na juu yake fedha ya kiti. Siku ya mgomo hesabu iligeuka. Tirano hadi St. Moritz peke yake nauli ni faranga 30 na kitu, ongeza Milan hadi Tirano, ongeza St. Moritz hadi Chur, tena tiketi za siku hiyohiyo ambazo hazina punguzo la kukata mapema.

Kwa hiyo, kama safari yako ni miji mitatu mikubwa, hoteli zimeshalipiwa na tarehe hazisogei, usinunue. Kata tiketi miezi miwili kabla, utaokoa fedha nyingi. Kama unazunguka Italia na Ufaransa kwa treni za kasi tu, fikiri mara mbili, maana viti vinalipiwa kila mara na Ufaransa nafasi za wenye pasi zina kikomo. Lakini ukiwa na begi la mgongoni, mwenzako mnayesikilizana, na njia inayopita Uswisi, Austria au Ujerumani ambako treni nyingi hazidai nafasi, nunua bila kusita. Subiri punguzo, huwa linatoka mara kadhaa kwa mwaka.

Venice tulifika baadaye. Kutoka Milan tulikata tiketi za kawaida za treni ya mkoa, na siku ya pasi tukaiweka kwa treni ya usiku ya Venice kwenda Vienna: inahesabiwa siku ya kuondoka tu, ingawa kitanda unakilipia pembeni.