Taa ya breki ilizimwa, pedi zikaisha: uzoefu wangu na gereji moja hapa Iringa

Nimesita kuandika haya, kwa sababu gereji hiyo ndiyo iliyonifungia bushi na shokapu mwaka jana, na kazi ile ilikuwa safi kiasi kwamba niliwaelekeza kwao hata wafanyakazi wenzangu. Jina silitaji. Lakini suala la breki limenikaa kooni, na kila ninapoteremka kutoka mjini kwenda Ipogolo hasira inanipanda upya.

Kabla ya Pasaka, taa nyekundu yenye alama ya mshangao ilianza kuwaka kwenye dashibodi kila nilipokata kona, ilhali hendibreki nilikuwa nimeishusha. Fundi mkuu alifungua boneti, akaona mafuta kwenye kichupa cha breki yameshuka karibu na alama ya chini, akamimina mengine mpaka juu, taa ikazimika, nikalipa. Baada ya majuma kadhaa ikawaka tena, wakamimina tena, nikalipa tena. Hakuna gurudumu hata moja lililofunguliwa.

Mafuta ya breki hayaungui kama petroli. Yakipungua, ama yanavuja mahali, ama pedi zimelika, pistoni za kalipa (kile kibanio kinachoibana diski ya gurudumu kati ya pedi ya ndani na ya nje) zikasogea mbele, na mafuta yakahama kutoka kwenye kichupa kwenda kujaza nafasi iliyoachwa nyuma yake. Kwa hiyo ile taa ilikuwa inasema kweli tupu, na kilichofanyika gerejini ni kumziba shahidi mdomo, kisha mimi nikatozwa gharama za kumziba.

Ikafuata sauti. Mlio wa asubuhi peke yake haunitishi, maana diski zilizolala na umande hulia hivyo na kunyamaza ukishakanyaga breki mara chache. Huu haukunyamaza. Pedi nyingi zina kijibati kilichowekwa makusudi kikwaruze diski zinapobaki na unene wa kama milimita 2 au 3, ili dereva asikie na achukue hatua mapema. Nikarudi, nikaomba magurudumu ya mbele yafunguliwe. Fundi mkuu hakuinuka hata kwenye kiti. Alimtuma kijana wake, naye akamulika tochi ya simu kwenye matundu ya rimu, akasema pedi zipo. Nilipouliza kama ya ndani nayo ameiona, kwa kuwa kutoka nje huonekana ya nje tu, bosi wake akacheka mbele ya wateja wengine: "Mama, kwani fundi ni mimi au wewe? Hilo ni vumbi la barabara, wewe endesha tu."

Vumbi! Vumbi gani linalofanya gari livute kulia ukikanyaga breki mteremkoni, huku gurudumu la kushoto likisaga chuma kwa chuma? Namshukuru Mungu kwamba mbele yangu hakukuwa na lori, na kwamba niliweza kushuka gia na kulitoa gari barabarani taratibu.

Fundi mwingine niliyemwita alifungua gurudumu la kushoto hapo hapo. Pedi ya nje ilikuwa bado nene. Ya ndani ilikuwa bati tupu, na diski upande huo ilikuwa imechimbika mifereji ambayo ukucha ulizama. Pini za kalipa zilikuwa zimekauka grisi, hivyo kalipa haikuteleza na mzigo wote ukaangukia pedi moja. Lililonichoma zaidi lilikuja baadaye: alipozisukuma pistoni zirudi ndani ili pedi mpya zipate nafasi, mafuta yalifurika kutoka kwenye kichupa na kutiririka hadi chini. Ni yale yale niliyoyalipia mara mbili. Alishauri tuyabadilishe yote, kwa kuwa mafuta ya breki hufyonza unyevu kadiri yanavyokaa, na yakishalowa huchemka mapema, ndipo pedeli inapozama kwenye miteremko mirefu kama Kitonga. Nilikubali bila ubishi.

Nilikusudia kuwapa nyota mbili, moja ikiwa ya zile bushi. Kijana wa tochi simlaumu sana, alitumwa. Lakini nikikumbuka kile kicheko, na kwamba pedi ningezinunua kwa bei ndogo tu kama wangefungua nati tano za gurudumu siku ile ya kwanza, badala ya sasa kununua na diski mbili, naona hata moja ni nyingi. Pedi zingeisha tu, hilo halina ubishi. Diski nawadai.

Na bado, niseme ukweli hata kama unaniudhi, kwa bushi na shokapu sijaona wa kuwafikia mjini hapa, na huenda nikarudi kwao barabara zikishaharibika na mvua. Siku hiyo nitawaandikia kwenye karatasi ya kazi: kichupa cha breki kisiguswe.