Uzoefu wangu na bayofidibeki: utazame mstari unaposhuka

Bayofidibeki ni mashine ya kumsaidia mwenye shida ya mkojo ajifunze kutawala misuli yake, na kazi yake ni kukuonyesha tu misuli inavyofanya. Kazi ya kujifunza inabaki kwako. Vibandiko viwili vya elektrodi, vinavyonasa umeme wa misuli, hukaa kulia na kushoto kwa njia ya haja kubwa, kingine pajani. Ukikaza misuli ya sakafu ya nyonga, yaani ile ya chini unayoikaza kuzuia mkojo, mstari kwenye skrini hupanda, ukilegeza, hushuka. Wengi hufurahia unapopanda, lakini mimi jicho langu liko kwenye kushuka. Usiporudi chini ulikoanzia, msuli bado umekaza, na kwa mtoto anayekojoa kwa kukatakata, tatizo mara nyingi liko hapo hapo.

Omba kibandiko cha ziada tumboni. Bila hicho ni rahisi kudanganyika: mtu anabana matako, anazuia pumzi, mstari unapanda vizuri kabisa, kumbe msuli unaotakiwa haujafanya kitu. Ngozi nayo ikaushwe vizuri. Kibandiko kikiachia upande mmoja kwa jasho, mstari hutetemeka ovyo.

Zoezi langu ni kukaza sekunde 5, kulegeza sekunde 10, mara 10. Kwa mtu mzima anayebanwa ghafla kuna jingine muhimu zaidi: mkojo ukibana, usikimbilie choo. Simama hapo hapo, kaza na kuachia harakaharaka mara 5 au 6, pumua, hamu ipoe, ndipo utembee taratibu. Mikazo hiyo hupeleka ishara kwenye neva, na kibofu hutulia.

Kwa watoto, kuanzia miaka 5 hivi, programu hugeuza mstari kuwa mchezo, na kwa hilo naisifu sana. Ila miguu ya mtoto ikanyage kigoda. Ikining'inia, nyonga hukaza na mchezo hauendi. Kama hapati choo vizuri, atibiwe hilo kwanza, kwa sababu kinyesi kilichojaa hukandamiza kibofu. Mkojo upimwe pia, isije ikawa ni maambukizi.

Inataka uvumilivu: kipindi cha dakika 30 hadi 45 kila wiki, kwa kawaida vipindi 6 hadi 12, na mazoezi ya nyumbani kila siku. Anayefanya kliniki tu hapati kitu. Na tafadhali, msifanye mazoezi kwa kukata mkojo katikati. Mtoto akizoea hivyo, kibofu hubakiza mkojo.