Chakula kikavu cha mbwa mjini Kisumu: nunua mfuko uliofungwa kiwandani

Kwa miaka minne mbwa wangu, Simba, alikula mgongo wazi (mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu kutolewa) kutoka mtaa wa Obunga na matumbo ya ng'ombe kutoka soko la Kibuye, vyote vikiwa vibichi. Niliamua kumhamishia chakula kikavu baada ya daktari wa mifugo kunieleza kwamba mbwa anayelishwa maini na mapafu mabichi ya mifugo anaweza kupata minyoo tegu ambayo mayai yake humletea binadamu uvimbe wa ini, nami nina mtoto anayecheza naye kila siku. Ushauri ulikuwa mwema. Ununuzi wangu wa kwanza ndio uliokuwa mbaya. Mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha karibu kila jioni, niliingia katika duka moja la pembejeo nikapimiwa kilo 3 kutoka gunia lililokuwa wazi sakafuni. Siku ya tano Simba alisusa chakula, akatapika, na weupe wa macho yake ukageuka manjano. Daktari alishuku sumukuvu (aflatoksini), sumu inayotolewa na kuvu kwenye chakula. Alipona, lakini baada ya siku tisa za dripu na dawa.

Kwa hiyo sitawachosha na viwango vya protini; ninachoangalia kwanza ni sumukuvu. Kuvu inayotoa sumu hiyo humea kwenye mahindi, ambayo ni kiungo kikuu cha vyakula vingi vya bei nafuu, na sumu yenyewe haimalizwi na moto wa kupikia. Sisi Wakenya tunaijua: mwaka 2004 iliua watu 125, wengi wao wa Makueni na Kitui. Huko Marekani, mwishoni mwa mwaka 2020, vifo vya mbwa zaidi ya 70 vilihusishwa na chakula kikavu chenye sumu hiyo hiyo. Kiwanda kinaweza kukosea, ni kweli, lakini gunia lililoachwa wazi katika joto na unyevu wa kandokando ya ziwa hunyonya maji kila siku, mafuta yake yakaharibika, na hakuna anayejua lilifunguliwa lini.

Chaguo langu la kwanza, bila kusita, ni Montego Classic kutoka Afrika Kusini, kwa sababu niliipata katika mfuko wa kilo 10 uliofungwa, wenye tarehe inayosomeka. Mbwa wa kilo 20 hula takriban gramu 250 kwa siku, hivyo mfuko huo humalizika kwa siku 40, kabla haujaanza kunuka. Ya pili ni Reflex ya Uturuki; Simba aliipenda, ila mfuko nilioupata ulikuwa wa kilo 15, ambao kwa mbwa mmoja hukaa wazi miezi miwili. Royal Canin ninaiweka ya tatu kwa sababu ya bei pekee. Vyakula vya bei ya chini kabisa, vinavyouzwa katika mifuko isiyo na tarehe, siwezi kumshauri mtu avinunue.

Linaloniumiza ni kwamba kilo ya kupimiwa niliuziwa kwa shilingi 280, ghali kuliko kilo ile ile ndani ya mfuko uliofungwa, huku muuzaji akiniapia kwamba gunia limefunguliwa asubuhi hiyo. Anayelipa zaidi ni yule asiyeweza kutoa pesa ya mfuko mzima kwa mara moja. Majirani wawili wakichanga, mfuko mmoja unawatosha.

Badilisheni chakula polepole kwa siku 10: robo ya kikavu kwanza, kisha nusu, kisha robo tatu, na katika siku hizo pikeni nyama iliyobaki. Nyama mbichi ni maji kwa asilimia 70 hivi, lakini punje za chakula kikavu zina maji asilimia 10 hivi tu. Kwa hiyo bakuli la maji lisikauke kamwe. Usimimine chakula ndooni, bali weka mfuko wenyewe ndani ya ndoo yenye kifuniko, ili namba ya toleo, inayotambulisha kundi la chakula kilichotengenezwa pamoja kiwandani, ibaki nawe hadi punje ya mwisho.