Upauzana wa Dolphin: Dirisha la Folda Linalokubali Kupangwa Upya

Tangu Microsoft ilipositisha huduma za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wenye kompyuta za mezani zilizoingia Afrika Mashariki zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo wamelazimika kuamua upya watumie mfumo gani, kwa kuwa Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, ambazo mashine nyingi za aina hiyo hazina. Baadhi yao wamehamia Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, na waliochagua mazingira ya KDE Plasma, yaani madirisha na menyu zinazoonekana kwenye skrini, kwa mfano kupitia Kubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, wamekutana na Dolphin, programu ya kufungulia na kupangia folda. Tathmini hii inahusu sehemu moja tu ya programu hiyo, yaani upauzana, ile safu ya vitufe iliyo juu ya dirisha la folda, na uhuru wa kuubadilisha. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa mtu anayeshinda akipanga, akipa majina na akihamisha mafaili, huu ndio upauzana bora kuliko wote niliopata kuutumia, ingawa dirisha la kuurekebishia limetengenezwa kana kwamba aliyelibuni hakutarajia wageni.

Anayetoka Windows ana sababu ya kulithamini jambo hili. Katika Windows XP ya mwaka 2001, mtumiaji aliweza kuongeza na kuondoa vitufe, kuchagua ukubwa wa aikoni na kuamua maandishi yakae wapi; Windows Vista ikaufuta uhuru huo, na Windows 7 haikuurudisha. Windows 8 ya mwaka 2012 ilileta utepe mpana wa amri pamoja na upau mdogo wa ufikiaji wa haraka, ambao ulipokea amri yoyote ya kwenye utepe kwa kuibofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na Windows 10 ikauendeleza. Wengi hawakuwahi kuugusa, lakini waliouzoea walijua kwamba kila amri iliyowekwa humo ilipata namba yake ya kuiitia pamoja na kitufe cha Alt, na kwa kazi za kurudiarudia hilo halikuwa jambo dogo. Windows 11 ya mwaka 2021 iliviondoa vyote viwili, ikaweka mstari mmoja wa vitufe vya kukata, kunakili, kubandika, kubadilisha jina, kushiriki na kufuta, ambao unapendeza machoni lakini mtumiaji hawezi kuongeza kitufe wala kupunguza.

Dolphin, iliyoanzishwa na Peter Penz mwaka 2006 na kufanywa programu kuu ya folda katika KDE 4 mwaka 2008, ilishika njia nyingine. Ukibofya upauzana wake kwa kitufe cha kulia unapata menyu fupi ya kuchagua ukubwa wa aikoni na mahali pa maandishi: aikoni peke yake, maandishi peke yake, maandishi kando ya aikoni au chini yake. Upauzana wenyewe unaweza kuhamishiwa kushoto, kulia au chini ya dirisha, jambo linalofaa kwenye skrini pana ambako nafasi ya wima ndiyo adimu. Katika menyu hiyo hiyo kuna «Configure Toolbars», yaani rekebisha upauzana, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Dirisha linalofunguka lina orodha mbili. Ya kushoto inaonyesha amri zote zinazopatikana, na ya kulia inaonyesha zile zilizomo kwenye upauzana kwa mpangilio wake. Katikati kuna mishale ya kuhamisha amri kutoka upande mmoja hadi mwingine na ya kuipandisha au kuishusha. Orodha ya kushoto ni ndefu mno, na bila kisanduku cha kutafutia kilicho juu yake ungepotea. Hata hivyo, urefu huo ndio utajiri wake, kwa maana zimo amri ambazo programu nyingine huzificha ndani ya menyu tatu: kunakili njia kamili ya faili, yaani anwani ya mahali lilipo, kuonyesha mafaili yaliyofichwa, kufungua dirisha la kuandikia amri katika folda uliyomo, kurudufu faili mahali lilipo, na kuonyesha kisanduku cha kuchuja majina.

Amri mbili zinastahili kutajwa peke yake. Dolphin inaweza kugawanya dirisha moja katika pande mbili kwa kitufe cha F3, kila upande ukiwa na folda yake, na kisha kuna amri ya kunakili ulichochagua kwenda upande wa pili na nyingine ya kukihamishia huko. Kwenye kibodi zinaitwa kwa Shift na F5, na Shift na F6, michanganyiko ambayo karani mpya hataikumbuka. Ukiziweka kwenye upauzana, kupanga nyaraka zilizoskaniwa kunabadilika kabisa: upande mmoja folda ya mashine ya kuskani, upande mwingine folda ya mteja au ya mwezi, na kati yake mbofyo mmoja tu. Ongeza hapo kitufe cha kubadilisha jina, ambacho kwa mafaili mengi yaliyochaguliwa pamoja huyapa jina moja lenye namba zinazofuatana, nawe una meza ya kazi iliyokamilika.

Kuna jambo jingine ambalo watumiaji wetu wangelifurahia zaidi kama wangelijua. Kila kitufe kinaweza kubadilishiwa aikoni na maandishi yake, kwa hiyo ofisi inayofanya kazi kwa Kiswahili inaweza kuandika «Hamishia kulia» au «Ipe jina» hata kama programu nzima inazungumza Kiingereza. Ni marekebisho ya juu juu tu, nakiri, lakini yanamwondolea mfanyakazi mgeni woga wa kubofya asichokielewa.

Kasoro zipo, na si za kufumbia macho. Kwanza, vitufe havipangwi kwa kuviburuta juu ya upauzana wenyewe, bali lazima upitie zile orodha mbili. Finder ya kompyuta za Mac inalifanya hili kwa uzuri zaidi: ukichagua kurekebisha upauzana, vitufe vyote huonyeshwa kwenye kidirisha kimoja, nawe unaviburuta hadi unapotaka, na hata ukitaka kuweka folda au programu nzima kuwa kitufe unaiburuta huku umeshikilia kitufe cha Command. Katika Dolphin folda huwekwa kwenye paneli ya pembeni tu, na programu ya nje haina nafasi katika orodha ya amri. Pili, amri zinazoongezwa na programu nyingine kwenye menyu ya kubofya kulia, kama ile ya kubana mafaili kuwa kifurushi kimoja, hazionekani katika orodha hiyo, na kwa ofisi inayotuma nyaraka kwa barua pepe kila siku hilo ni pengo la kweli. Tatu, majina ya baadhi ya amri yanafanana kiasi kwamba itakubidi uiweke amri, uijaribu, ndipo ujue uliyoipata ni ipi.

Bei yake si suala, kwa kuwa Dolphin ni programu huria na hailipiwi. Mwenye kompyuta moja nyumbani anayefungua folda kwa ajili ya picha na muziki hatapata faida kubwa kwa kubadilisha chochote, na mpangilio wa awali, wenye vitufe vya kurudi nyuma, namna za kuonyesha mafaili na kutafuta, unamtosha. Mwenye ofisi yenye mashine kadhaa apange moja vizuri, kisha anakili faili la dolphinui.rc lililomo katika folda ya .local/share/kxmlgui5/dolphin ya mtumiaji na kulipeleka kwenye mashine nyingine zenye toleo lile lile; na mpangilio ukiharibika, kulifuta faili hilo kunaurudisha upauzana katika hali yake ya awali.